Mwanamke Aliyeachwa Nje ya Ngome ya Pili

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, mwaka wa 2007, Joan alikuwa uani akichambua maharagwe wakati mtu alipobisha geti la nyumba ya Mama Kibe, mtaa wa Kibomet, Kitale. Geti lilikuwa limefungwa kufuli kwa nje, kama ilivyokuwa kila siku ambayo Mama Kibe alienda sokoni. Joan aliinama akachungulia kwenye uwazi chini ya mabati ya geti. Aliona viatu vya ngozi vilivyofungwa kamba hadi vifundoni, na pindo la gauni refu la kijani.

"Mwenyewe hayuko," Joan alisema. "Na ufunguo ameenda nayo."

"Nitangoja," mwanamke wa nje alijibu. "Nimezoea kungoja."

Aliketi juu ya jiwe kando ya geti. Mama Kibe alirudi alasiri na kiondo cha viazi, akamtazama mgeni kutoka viatu hadi kichwani, akamtambua. Kwa miaka miwili alikuwa amemwona karibu kila siku kwenye televisheni ya sebuleni kwake. Alimwuliza kama amekula.

Sebule hiyo Mama Kibe, jina lake la ubatizo Gladwell, alikuwa ameigeuza chumba cha gemu tangu mumewe ahamie Naivasha na akome kupiga simu. Kulikuwa na televisheni mbili, mashine mbili, viti vya plastiki na sofa moja. Vijana wa Kibomet walikuja kucheza, lakini waliokuja kila Jumamosi, watu wazima wenye kazi zao, walikuja kwa ajili ya mchezo mmoja tu. Ulikuwa na jina refu la Kizungu. Wao waliuita Ngome. Ndani yake unakuwa msafiri mwenye upanga, unavuka misitu na falme, unapigana na majitu, na ukijeruhiwa unarudi kwenye daraja la mawe. Hapo alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani na mtungi. Aliitwa Telmara. Aliwapa wasafiri maji na vidonda vyao vikafunga. Bila yeye hukuweza kuendelea.

Wakati wa Pasaka Ngome ya Pili, toleo jipya la mchezo, ilikuwa imefika. Ndani yake hakukuwa na daraja. Msafiri akijeruhiwa alisimama kidogo tu, na vidonda vikajifunga vyenyewe.

"Nafasi yangu imeondolewa," Telmara alieleza mezani.

"Walikupa notisi?" Mama Kibe aliuliza.

"Hawakunipa."

"Ndivyo wanafanyanga," Mama Kibe alisema, akamsogezea chumvi. Alimwita Thelma, kwa kuwa alikuwa na binamu wa jina hilo Kiambu, na akasema atalala na Joan.

Chumba cha Joan kilikuwa nyuma, kati ya jiko na banda la kuku. Kitanda kilikuwa kimoja. Jioni ile, Joan alipokuwa akisugua sufuria, Telmara alimshika mikono akaigeuza. Viganja vilikuwa vimepasuka kwa sabuni ya kipande. Telmara alivimiminia maji ya mtungi wake, na ngozi ikafunga. Joan alikunja vidole, akavikunjua, akarudi kwenye sufuria.

"Wewe si wa hapa," Telmara alisema.

"Mimi ni wa Kamukuywa. Upande wa Bungoma. Si mbali, ukipata gari asubuhi unakula lunch kwetu."

"Ulienda lini mara ya mwisho?"

Joan alifikiri. Alikuwa amekuja mwaka wa Kibaki kuchukua serikali, 2002, na alikuwa ameenda nyumbani mara moja, kwa mazishi ya baba. Msichana aliyemtangulia alitoroka na mapazia, kwa hiyo Mama Kibe alikichukua kitambulisho cha Joan akakiweka kwenye kabati, kisipotee. Na tangu mambo ya mlimani yaanze, vita vya ardhi vya Mlima Elgon, polisi walikuwa barabarani wakiuliza vitambulisho. Asiye nacho alishushwa.

"Mimi nilisimama darajani tangu siku ya kwanza," Telmara alisema, "na sikuwahi kufika upande wa pili. Walionitengeneza hawakunipa miguu ya kuvuka. Niliweza kugeuka tu."

"Mimi nilipewa miguu," Joan alisema. "Geti ndio sikupewa."

Jumamosi wachezaji walimkuta Telmara ameketi kwenye sofa. Walimsalimia. Wanyoike, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stendi, alimpa mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayemsalimia mwalimu wake wa zamani. Makokha alimwambia "Sasa mathe", kama anayemsalimia mama yake, na kukaa kando yake. Makokha alikuwa karani Bungoma. Kila Jumamosi alikuja Kitale kumwona shangazi yake, na akishamwona alikuja kwa Mama Kibe. Ndiye aliyeleta Ngome ya Pili. Alimpa Mama Kibe diski hiyo mpya, naye akaenda na ile ya zamani.

Tangu Pasaka chumba kilikuwa kimegawanyika. Wa Ngome ya Kwanza walikaa upande wa dirisha na wa Ya Pili upande wa mlango, na kijana aliyekosa msimamo alisimama.

"Ile ya kwanza ilikuwa porepore, bana," alisema Makokha, ambaye l mara nyingine ilimtoka kama r. "Ati ukipigwa kidogo razima urudi kwa daraja kuomba maji. Hii picha ni safi, vita ni vita. Nani ako na wakati ya kuongea na mama kwa daraja?" Kisha akamkumbuka aliyekaa kando yake. "Si kwa ubaya, mathe."

"Sijakasirika," Telmara alisema.

"Hapo kwa daraja ndio gemu ilikuwa!" Wanyoike aliinuka. "Unafika umechapwa, huna kitu, na unapata kuna mtu amekungoja. Kwa hii yako hakuna mtu anangoja mtu. Na angalia vile wamemfanyia. Miaka yote anahudumia watu, hapumziki, haendi popote, hata hakuna mtu alimuuliza anataka nini. Halafu anatupwa. Si huo ni utumwa?"

Alinyoosha kikombe bila kugeuka. Joan alimjazia chai.

Upande wa dirisha walipiga makofi. Jumatatu Wanyoike na wenzake walienda saiba, kibanda cha intaneti, wakaandikia kampuni ng'ambo, wakidai Telmara arudishwe kazini kwa heshima zake zote. Upande wa mlango nao walienda saiba hiyo hiyo, wakaandika kwamba wameridhika. Kampuni haikujibu upande wowote.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Telmara alianza kufifia. Kiganja cha kushoto kiligeuka miraba miraba, kama picha ya televisheni mvua ikinyesha. Kisha bega. Alipokuwa akimsaidia Joan kuanika nguo, shuka lilipita katikati ya mkono wake likaanguka kwenye matope.

"Nje si mahali pangu," alisema. "Sikutengenezwa kwa kitu cha kudumu."

Mama Kibe aliliona jambo hilo pia, naye hakupenda mtu afie nyumbani kwake. Wanyoike alisema dawa ni kumrudisha katika Ngome ya Kwanza, ambako daraja lake bado lilikuwepo. Lakini diski ilikuwa kwa Makokha, Bungoma. Kila mtu alidhani ameitupa, au amemgawia mtu. Makokha alitazama sakafu.

"Iko," alisema. "Huwa nacheza siku za wiki."

Hakuna aliyemcheka. Kwa kuwa Telmara asingeweza kungoja hadi Jumamosi nyingine, Wanyoike alisema mjomba wake angewapeleka Bungoma kwa pikapu.

Alikuwa na habari nyingine, ambayo alimpa Joan kwenye mlango wa jikoni huku akijifunga kamba za viatu. Gari alilopanda lilikuwa limesimama Kamukuywa kushusha abiria, na jirani wa kwao Joan alimwita dirishani kuhusu mama yake Joan. "Mayi yako ameanguka tena. Mguu imefura mpaka hapa. Wanasema haamki."

Joan aliweka chini kisu cha vitunguu. Alienda sebuleni, akasimama mbele ya Mama Kibe, akasema kila kitu kwa pumzi moja: kwamba pikapu ya mjomba wa Wanyoike itampeleka Telmara Bungoma, kwamba njia inapita Kamukuywa, kwamba yeye angeshuka hapo na kurudi kesho yake, na anaomba kitambulisho.

"Pikapu imejaa," Mama Kibe alisema.

"Kuna nafasi nyuma," Wanyoike alisema.

"Na hapa nani atapika? Wageni wa chama wanakuja. Joan, mimi si mtu mbaya. Agosti shule zikifungwa utaenda, ukae hata wiki. Mgonjwa ni wa Mungu."

Joan alimtazama Wanyoike. Wanyoike alimtazama Mama Kibe, mwenye sebule, mashine na viti.

"Tutaongea na yeye, Joan," alisema kwa sauti ya chini. "Wacha kwanza tumalize hii."

"Basi simamisheni gari kwetu," Joan alisema. "Ni nyumba ya kwanza baada ya posho mill, ina mlango ya bluu. Telmara ampatie mayi maji. Dakika kidogo tu."

"Hiyo ni lazima," Wanyoike alisema.

"Hiyo ni razima," Makokha alisema.

Chifu alimwandikia Telmara barua ya kusafiria siku hiyo hiyo. Hakuwa na mwaka wa kuzaliwa wala kijiji, kwa hiyo chifu aliacha nafasi hizo wazi na kugonga muhuri. Mama Kibe alifungua geti, pikapu ikatoka na Telmara ameketi nyuma juu ya gunia, mtungi magotini, Wanyoike upande mmoja na Makokha upande mwingine. Kisha geti likafungwa. Joan alipiga magoti akaangalia magurudumu kupitia uwazi wa chini mpaka yalipokata kona.

Karibu na Kiminini polisi waliwasimamisha. Ofisa alisoma barua, akamtazama Telmara, akamrudishia kwa heshima. Alisema walipokuwa wakicheza gemu kambini alikuwa akikaa pale darajani hata bila kidonda, kupumzika tu. Lakini kwa maoni yake, Ya Pili ilikuwa na farasi wazuri zaidi.

"Umesikia?" Makokha alisema gari lilipoondoka. "Hata serikali inajua."

"Farasi!" Wanyoike alisema. "Farasi inakuponya wewe?"

Waliendelea hivyo. Wanyoike alisimama akishikilia mabati ya pikapu ili asikike vizuri, Makokha naye akasimama. Makokha alisema mchezo ambao haukuachi usonge mbele bila ruhusa ya mtu si mchezo, ni gereza. Wanyoike alisema gereza ni kutembea dunia nzima bila mtu wa kukujua jina.

"Hapa ni Kamukuywa?" Telmara aliuliza. Kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa miraba mitupu, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya redio ambayo mawe ya betri yamekwisha. "Mabwana. Je, hapa ni Kamukuywa?"

Posho mill, kile kinu cha unga, ilipita. Mlango wa bluu ulipita, nao ulikuwa wazi, na wanawake kadhaa walikuwa wameketi nje kwenye mikeka. Telmara aliinua mtungi. Dereva, yule mjomba, aliyekuwa mbele peke yake, hakuwa ameambiwa asimame popote. Walipokumbuka walikuwa wamekaribia Webuye, na mabega yote mawili ya Telmara yalikuwa miraba. Walitazamana.

"Tukirudi," Wanyoike alisema.

Nyumbani kwa Makokha, Bungoma, waliwasha televisheni na kuweka diski. Daraja lilitokea, tupu. Telmara alivua viatu vyake mkekani, kwa kuwa nyumba ilikuwa safi, kisha akavikumbuka akavivaa tena. Aliinama, akaingia kwa kichwa, mkono mmoja ukishika ukingo wa televisheni. Alijipanga mahali pake karibu na nguzo, akarudi kuwa mzima. Wanyoike alifuta machozi kwa mkono wa shati. Makokha alitengeneza chai, na wakacheza hadi jioni. Waliporudi Kitale walipitia njia ya Eldoret kwa sababu mjomba alikuwa na mzigo huko.

Mama yake Joan alizikwa Alhamisi iliyofuata. Makokha ndiye aliyeleta habari, Jumamosi. Mama Kibe alimpa Joan pole, akampa na alasiri nzima ya kupumzika, humo humo chumbani.

Siku hiyo Makokha alikuwa amekuja na diski ya Ngome ya Kwanza, kuwaazima watu wa dirishani. Alisema ni kwa amani. Televisheni moja ilionyesha Ya Kwanza na ya pili Ya Pili, na kila upande ulikuwa na furaha yake. Wanyoike alimwendesha msafiri wake hadi msituni, akajeruhiwa kwa haraka ili apate sababu, akaja darajani. Wote walisogea kuona. Hata watu wa mlangoni waligeuza viti.

Telmara aliinua mtungi. Kisha akaushusha. Maneno yalitoka chini ya skrini, mapya, ambayo hayakuwepo tangu mchezo utengenezwe:

*Kabla sijakupa maji, msafiri, niambie: Joan ameshafunguliwa geti?*

Hapakuwa na mahali pa kujibu. Telmara alingoja. Alingoja muda mrefu, akimtazama msafiri, ambaye damu ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, na baada ya hapo akauliza tena.

Wanyoike alijikuna shingo.

"Sasa imekuwa porepore zaidi," Makokha alisema.

"Ni kweli," Wanyoike alisema. "Hii sasa inachelewesha."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Pasaka wakubaliane. Walijaribu vitufe vyote, mmoja akibonyeza na mwingine akimwelekeza, na wakagundua kwamba ukishika cha pembetatu na kukaza, swali linakatika katikati na maji yanatoka. Mchezo uliendelea. Habari hiyo ilienea Kibomet, ikafika Bungoma, na pande zote mbili zilisema ni ujanja mzuri.

Joan alikuwa ameamka kwa kuwa wageni walitaka chai. Alisimama nyuma yao na birika, akasoma swali lilipotokea tena, kabla halijakatwa.

"Bado," alisema.

Wanyoike alimwomba asogee kidogo, alikuwa anaziba mwanga.