Theluthi ya Kasimiri

Mwanaasha, mke wa mwanangu Farhan, anafundisha hisabati shule ya msingi hapa Temeke. Mwaka huu mafunzo ya walimu yalimkuta akiwa likizo ya uzazi, ndiyo kwanza ametoka arobaini. Zamani ingekuwa basi tena. Mwalimu alifungasha begi akaenda chuoni wiki mbili, na mwenye mtoto mchanga alibaki nyumbani akisubiri kuhadithiwa na wenzake. Siku hizi masomo yamo ndani ya simu. Nilikuwa nikimwona amempakata mjukuu wangu kwa mkono mmoja, kwa mwingine anasoma. Mtoto akilia, somo linasimama. Akilala, mama yake anaendelea pale pale alipoachia.

Mimi nilisoma shule ya jioni, nikitoka bandarini na vumbi la ngano masikioni, nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tisa. Kwa hiyo jambo lile nililishukuru kweli kweli, na kila aliyepita barazani kwangu nilimweleza, akitaka asitake.

Likabaki zoezi la mwisho. Mwanaasha alitakiwa kufundisha somo fupi, kulirekodi kwa sauti kwenye simu na kulituma kabla ya Ijumaa jioni. Likikubaliwa, angerudi shuleni kuwa kiongozi wa walimu wenzake wa hisabati, nafasi aliyoitamani tangu mwaka juzi. Likikataliwa, aanze upya mwakani. Darasa hakuwa nalo, lakini mafunzo yaliruhusu wanafunzi watatu wa umri wowote.

"Watatu tu?" nikamwambia. "Hilo niachie mimi, mwanangu."

Nikamwita rafiki yangu Kasimiri, tuliyebeba naye magunia miaka ishirini, mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Nikamwita na jirani yetu Bi Mwanakombo, mpika mkate wa kumimina. Wa tatu nikawa mimi.

Somo lilifanyika Jumanne ukumbini mwetu. Mwanaasha aliweka simu juu ya kabati, akaeleza theluthi, robo na thumuni, kisha akaanza kuuliza. Swali la kwanza nilijibu mimi. La pili pia mimi. La tatu Kasimiri alifungua mdomo, nikamsaidia. Bi Mwanakombo alianza kusema kitu kuhusu thumuni, nikammalizia.

"Profesa Sadallah," Kasimiri akaniambia wakati wa kuagana, "leo umefaulu peke yako."

Nilidhani ananisifu.

Jumatano mchana nilikuwa nikipita kwenye korido na ndoo ya maji ya kutawadha. Mlango wa Mwanaasha ulikuwa wazi kidogo, na simu ilikuwa ikisema kwa sauti. Alikuwa mwezeshaji wake, mwalimu Sesilia, ambaye hajawahi kuonana naye ana kwa ana.

"Mwalimu, somo lako nimelisikiliza mara mbili. Maelezo yako mazuri. Ila nasikia mwanafunzi mmoja tu, mzee mmoja hivi mwenye sauti ya kunadi mnadani. Hao wengine sijui wamejifunza au wamesinzia. Rudia, mpendwa. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kupokea jibu, na kila mmoja asikike."

Niliweka ndoo chini.

Jioni nilimuuliza Mwanaasha kama majibu yametoka. Akanitazama, akatazama sakafu. "Bado kidogo, baba," akasema. "Kuna sehemu nataka niitengeneze."

Alikuwa radhi kuanza upya mwakani kuliko kumwambia baba mkwe wake anyamaze. Usiku ule nilimkumbuka mwalimu Revelian wa shule ya jioni. Alikuwa akiniuliza swali, kisha anageuka kutazama dirishani kana kwamba ana siku nzima. Wenzangu walicheka. Yeye alinisubiri. Bila kusubiriwa kule, cheti ninachojivunia nisingekipata. Mimi nilikuwa nimemnyima Kasimiri kitu kile kile, tena mbele ya mashine inayorekodi.

Alhamisi asubuhi nikawaita tena wenzangu.

"Turudie somo, Mwanaasha," nikasema. "Mimi nitakaa nyuma."

"Nyuma wapi, baba? Ukumbi wenyewe huu."

"Karibu na mlango."

Bi Mwanakombo alileta mikate miwili inayolingana, haijakatwa. Mwanaasha akauliza ipi kubwa, theluthi au robo.

"Robo," akasema Kasimiri. "Nne si inaizidi tatu?"

Jibu lilinipanda hadi kooni. Nikachukua tende kwenye sahani, nikajaza mdomo. Mwanaasha alianza kuhesabu kimoyomoyo. Kasimiri akaitazama mikate. Akainua vidole vitatu juu ya mmoja, vinne juu ya mwingine, akawa kama anagawa.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Huu tukila watatu, na huu wakila wanne... wa huku si wanapunjika? Theluthi kubwa! Theluthi ndiyo kubwa, mwalimu!"

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Kwa sababu walaji wachache!"

"Na mie thumuni msinifundishe," akadakia Bi Mwanakombo. "Mume wangu alipofariki, kwa kuwa tulikuwa na watoto, nilirithi thumuni. Mjane mwenzangu fulani, mumewe hakuacha mtoto, akapata robo. Tofauti yake naijua mpaka kwenye mifupa."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Sauti yangu kwenye somo ilisikika mara moja tu, nilipojibu swali la mwisho baada ya kuitwa kwa jina.

Ijumaa saa nane mchana jibu likaja. Safari hii Mwanaasha alilifungulia ukumbini tulisikie wote.

"Hongera, mwalimu, umepita. Nimefurahi sana na huyo mzee wa mkate. Na yule mwenye sauti, vipi, ni mzima?"

Mwanaasha alifunika uso kwa mtandio. "Ahsante, baba," akasema.

Nimewahi kushukuriwa kwa kulipa, kwa kujenga, kwa kusuluhisha. Kushukuriwa kwa kunyamaza ilikuwa mara ya kwanza, na nilimshukuru Mwanaasha zaidi, kwa kunistahi.

Kasimiri alikuwa bado amekaa. "Mwalimu," akauliza, "ukirudi shuleni, sie utatufundisha saa ngapi?"