Maji ya Katekista

Chuo kile kilianza kama shule ya Biblia, majengo machache ya bati yaliyojengwa na wamisionari wa Kibaptisti juu ya Katandala, mjini Sumbawanga, na hata kilipopata hadhi ya chuo kikuu, na majoho, na maprofesa, hakikusahau kilikotoka. Mwanafunzi wa dini yoyote alipokelewa, awe Mkatoliki, awe Mwislamu, mradi asinywe na asivute. Kwa walimu mambo yalikuwa mengine. Mwalimu alitakiwa awe amebatizwa akiwa na akili zake, kwa kuzamishwa mwili mzima. Yale matone ya utotoni waliyatabasamia tu, kwa upole sana, na upole wa namna hiyo unauma kuliko tusi.

Leonia aliongoza darasa lake la ualimu. Mchungaji Baltazari, mlezi wa chuo, akamwita na kumwambia kuwa nafasi ya mkufunzi msaidizi ni yake, ila abatizwe kwanza. Aliitamani nafasi ile mpaka akawa anaota yuko ubaoni. Wenzake waliomtangulia kumaliza walikuwa wanaendesha bodaboda, vyeti vyao vimefungwa kwenye nailoni ili visiliwe na mende, na yeye hakutaka kwenda kuungana nao. Tatizo lilikuwa baba.

Mzee Eustaki alikuwa katekista wa kigango kijijini kwao, barabara ya Muze, kabla uwanda haujaanza kuporomoka kuelekea bondeni. Padri alifika huko Mungu na barabara wakipenda. Siku nyingine zote Eustaki ndiye aliyesalisha, aliyefundisha na aliyezika. Leonia na pacha wake Leonsi walizaliwa masika, kabla ya wakati, wanahema kwa shida, na baba yao akawabatiza kwa mkono wake mwenyewe, ubatizo wa hatari. Leonsi hakuiona jioni. Mama yao naye hakukawia kumfuata, mzee akabaki kuwalea Leonia na kaka yake Mathias peke yake.

Leonia alipokwenda kumweleza habari za chuo, mzee alikuwa uani anapura ulezi. Alisikiliza mpaka mwisho, fimbo mkononi.

"Ukibatizwa tena," akasema, "utakuwa umesema nini juu ya maji yangu?"

"Sisemi kitu, baba. Ni utaratibu wa kazi tu."

"Mama, ubatizo ni mmoja. Ukiomba wa pili, umesema wa kwanza haukuwepo. Na kama wako haukuwepo, wa Leonsi uko wapi? Yeye hawezi kwenda kuomba mwingine."

Leonia akasema atafikiri. Alikuwa ameshaamua, na mzee alijua.

Jumapili ya ubatizo mzee akaja bila kualikwa na mtu. Alidandia lori la mahindi, amevaa shati lake jeupe la kusalishia, akasimama nyuma kabisa ya kanisa la chuo, karibu na mlango. Mbele palikuwa na kisima cha saruji kilichojaa maji, na maji ya Sumbawanga mwezi wa sita yanauma mpaka kwenye meno. Leonia akaingia na joho jeupe, maji yakamfika kiunoni. Mchungaji Baltazari alikuwa mtu mwema, hilo hakuna aliyelikataa. Alimuuliza swali lile lile aliloliuliza kwa wote, kwenye kipaza sauti.

"Leonia, umewahi kubatizwa?"

Angeweza kusema, "Nilimwagiwa maji nikiwa mchanga." Waliomtangulia walisema hivyo, Mchungaji akatabasamu, mambo yakaendelea. Lakini alikuwa ameshamwona baba yake pale mlangoni, na wazo la tabasamu lile kushuka juu ya maji ya mzee, mbele ya macho yake, likamtia aibu. Alitaka kumwepusha na kuchekwa. Ulimi ukakimbilia njia ya mkato.

"Hapana."

Watu wakaitika amina. Alipoibuka majini, anatweta, mlangoni hapakuwa na mtu.

Laiti mzee angegomba! Hakugomba. Kila Leonia alipokwenda nyumbani alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti, akamuuliza habari za kazi kama anavyomuuliza bwana shamba, na mazungumzo yakaishia hapo. Vilabuni, kwenye pombe ya ulezi, wenye midomo yao walipata la kuchekea: katekista anabatiza, binti anafuta. Leonia akawa mkufunzi, akaandika ubaoni kama alivyoota, na furaha aliyoitegemea ikaja nusu nusu.

Masika yaliyofuata alikwenda nyumbani kwa Pasaka. Mathias alikuwa Kasesya, kazi yake ni utingo wa malori yanayovuka kwenda Zambia, na mkewe Jenifa alikuwa mjamzito. Uchungu ukamshika kabla ya wakati, asubuhi, mvua imeshaikata barabara. Mzee Eustaki akatoka mbio kwenda kumtafuta muuguzi wa zahanati. Mtoto hakuwasubiri. Leonia akampokea yeye mwenyewe, wa kiume, anavuta pumzi moja, anakaa, anavuta nyingine.

"Wifi, mbatize," Jenifa akasema.

"Baba anakuja."

"Hatamkuta. Si baba mwenyewe ametufundisha? Kwenye hatari mtu yeyote anaweza, hata mpagani, mradi awe na nia. Mwite Maximilian. Mbatize, wifi, nakuomba."

Leonia akachota maji kwa kikombe. Alidhani atasema tu maneno ili Jenifa atulie. Lakini maji yalipogusa kile kipaji kidogo cha uso, akataka kwa moyo wake wote yale maji yawe ubatizo, yamshike mtoto huyu asiende hivi hivi. Hakuwa amewahi kutaka jambo kiasi kile, hata ile kazi. Akasema maneno yote hadi amina.

Mzee akaingia ameloa, matope mpaka magotini, muuguzi yuko nyuma anakokota miguu. Mtoto alikuwa bado anavuta.

"Ameshabatizwa, baba," Jenifa akasema, machozi yanamtiririka. "Wifi amembatiza."

Mzee akamgeukia Leonia. "Ulisema maneno yote?"

"Yote."

"Maji yalimtiririka?"

"Yalimtiririka."

"Na nia?"

"Nilikuwa nayo, baba. Haki ya Mungu, nilikuwa nayo."

Mzee akamtazama usoni. Hakuwa na hasira, na hasira ingekuwa nafuu. Alikuwa anaogopa.

"Ulisema hapana mbele ya watu wote," akasema taratibu. "Mwanangu, kwa huyu siwezi kubahatisha."

Yako maneno wanayofundishwa makatekista, ya kumbatizia mtu ambaye hakuna mwenye hakika kama ubatizo wake ni ubatizo. Mzee akakichukua kikombe mkononi mwa binti yake, akachota upya, akainama.

"Maximilian, kama hukubatizwa, mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Leonia alisimama pale pale, mikono mitupu, maji yake na ya baba yake yanachanganyika kwenye kanga. Yalimchoma yale maneno. Jenifa akamkumbatia mtoto. Muuguzi akafika, akaweka kidole shingoni mwa mtoto, akakiacha hapo kitambo, kisha akatikisa kichwa.

"Alikuwa ameshabatizwa, baba," Leonia akasema.

"Labda," mzee akajibu, akavuta kanga akamfunika mtoto uso.