Ua la Kilima cha Katondo

Agnès Ngeleka hakuwa mtu wa kunyamazishwa kwa kikombe cha kahawa. Mkubwa wake kwenye kampuni ya mgodi, Tata Baudouin Kankolongo, alimpa kiti na kahawa, akamsogezea karatasi na kalamu.

"Mama Agnès, sinye hapa. Sema maua iko salama mu pepinière, tuanze kuchimba."

Maua yenyewe ni madogo, ya zambarau, na hayamei popote ila kilimani Katondo, nje ya Kolwezi, penye udongo wa shaba. Kampuni ilikatazwa na serikali kugusa kilima mpaka iyaoteshe mahali pengine. Ikaotesha kitalu kizima, hiyo pepinière, ikapiga na picha. Lakini Agnès, mtaalamu wao wa mimea, aliingiwa na shaka alipojua kwamba mbegu ziliokotwa chini ya kilima, mahali ambapo maua hayo hukutana na ndugu zao wa kawaida wa porini. Kwa macho, miche yote ilifanana. Akapeleka majani maabara, Lubumbashi. DNA ikasema wazi: kila mche ulibeba alama za pande zote mbili. Nyuki walikwisha kuyafungisha ndoa. Kitalu kizima kilikuwa cha machotara. Ua halisi lilibaki kileleni tu.

"Siwezi kusinye bongo, tata," Agnès akakataa kutia sahihi uongo.

"Nani ataona tofauti? Hata weye, kwa macho, hauone."

"Njo maana tulipima DNA."

"Basi kazi yako itaisha."

Mshahara wake ndio uliowasomesha watoto. Hata hivyo akainuka, akaiacha kalamu palepale.

Siku ya mkutano na inspekta wa serikali, mlinzi alimzuia mlangoni pa ukumbi. Agnès akapaza sauti kutoka hapohapo, akaeleza yote.

"Chotara nayo ni maua!" mtu akamkejeli kutoka ndani.

"Njo," Agnès akamjibu, "na haina kosa, tuichunge. Lakini musizike mama muzima sababu mutoto anamufanana!"

Inspekta, Mama Charlotte Mukalay, akaomba majibu ya maabara, akayasoma, akaamuru wachimbe chini tu, kilele kisiguswe.

Agnès alifukuzwa wiki ileile. Kampuni ikachimba upande wa chini, vumbi likatanda. Mvua zilipokatika, alipanda kileleni peke yake.

"Nani anakutuma?" akauliza mlinzi wa kilele.

"Minajituma miye mwenyewe," akajibu, akapiga magoti na kuanza kuokota mbegu za ua halisi, akazioteshe.