Kinundu cha Salfa ya Njinjo

Profesa Nusaiba alikuwa amekaa na salfa miaka thelathini na moja, muda mrefu kuliko aliokaa na mume, na wenye midomo pale chuoni Dar es Salaam walisema salfa ndiyo iliyomfukuza yule bwana. Kazi yake ilikuwa kuumulika unga huo, unaopuliziwa mikorosho kuzuia ukungu, kwa mwanga na kusoma mchoro unaotoka kwenye mashine, maana kila kitu kina mchoro wake, kama kila mtu na mwandiko wake. Mchoro wa salfa aliujua hata akiamshwa usingizini.

Miaka sita nyuma, kwenye mchoro wa unga uliokung'utwa kutoka majani ya mikorosho ya Njinjo, kikatokea kinundu asichokijua. Hakikuwa cha salfa wala cha jani, na kila msimu kilirudi. Nusaiba akaandika kwamba ni kitu kipya, kinazaliwa salfa inapokutana na umande na jua la huko. Makala mbili zilisifiwa. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa itoke Jumatatu, na Desemba anastaafu. Tatizo ni kijiji kingine, Tingi. Salfa ile ile, mikorosho ile ile, kinundu hakuna.

Akafunga safari kwenda kwa shangazi yake Batuli, aliyemkusanyia sampuli za Njinjo miaka yote sita. Batuli alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje aliyeolewa shamba, na miaka arobaini ya jembe haikumpunguzia umaridadi hata kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko chuoni hawali?"

Asubuhi wanaume walipomaliza kupulizia salfa, Nusaiba aliingia shambani mwenyewe na kipimo chake kidogo cha mkononi. Akakung'uta jani la kwanza. Kinundu hakuna. La pili, la kumi, mkorosho wa bondeni, mkorosho wa kilimani: hakuna. Akadhani kipimo kimekufa. Akatoa mkobani chupa ya mwaka jana, akaipima papo hapo, na kinundu hiki hapa, kimesimama wima kinamtazama.

Alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Umande upo, jua lipo, salfa ipo. Sasa nini hakipo? Alimkabidhi shangazi chupa za unga wa asubuhi ile, akaenda kunawa, na maji yalimwagika mikononi bila yeye kukumbuka kama keshanawa au bado.

Aliporudi ukumbini alisimama mlangoni. Chupa zake zilikuwa wazi, zimepangwa juu ya kikapu kilichofudikizwa, pale ambapo Batuli hutandaza nguo za Ijumaa. Chini ya kikapu kulikuwa na chetezo, na moshi wa udi ulikuwa ukizipanda taratibu.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nafukiza."

"Unafukiza salfa?"

"Kitu kinatoka kwangu kinakwenda kwa wasomi, kinuke yai viza? Waseme Batuli hakufunzwa kwao?"

"Miaka yote sita?"

"Hata mmoja sikuruka. Na udi mzuri, si huu wa dukani."

Nusaiba alichukua chupa moja, ingali na joto, akaipima. Kinundu kilikuwepo. Akacheka, kisha akakasirika, kisha hakujua yuko wapi kati ya viwili hivyo. Salfa, joto na moshi wa udi vilikuwa vimezaa kitu kweli, ila si mkoroshoni. Ni ukumbini kwa shangazi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa chupa, mama, ukaondoka. Siku gani uliniuliza?"

Nusaiba alikaa mkekani, akafungua kompyuta, akaanza kuwaandikia wahariri wa jarida kwamba makala zote tatu ziondolewe. Wangetaka sababu. Aliandika kwamba sampuli zilichafuliwa, akamtazama Batuli akizifunika chupa moja moja na kuzifuta kwa upindo wa kanga, akaifuta ile sentensi. Akaandika: mtafiti hakumuuliza mkusanyaji. Akatuma kabla moyo haujageuka.

"Umeandika nini?"

"Nimewaambia nilikosea, shangazi. Zile makala zinaondolewa."

Batuli akaingia chumbani, akatoka na karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, ukurasa wa mwisho wa makala ya kwanza, ule wa shukrani. Jina lake lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembe za karatasi zilikuwa zimelegea kwa kuonyeshwa watu.

"Na hili nalo linaondolewa?"

Nusaiba alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile alijua jibu. Alitamani asingelijua.

"Ndiyo, shangazi. Nalo."