Bakuli la Mwamini

Kifuniko cha sufuria kililia jikoni gizani, umeme ulipokatika saa za magharibi. Mwamini, bingwa wa kuhubiri bombani kwamba wizi umezidi mtaani Kasingirima tangu wakimbizi waje, alijificha nyuma ya mlango na kupiga yowe: “Mwizi!”

Majirani wakafika na marungu. “Yuko wapi tummalize?” akafoka Khalfani wa nyumba ya pili.

Tochi ikammulika Rozalia, mkimbizi kutoka Burundi, mpangaji wa uani. Jana Mwamini alimpelekea dagaa kwenye bakuli lake la maua. Sasa lilikuwa mkononi mwa Rozalia. Rungu likainuka. Bingwa wetu akazidi kujibana nyuma ya mlango.

Lulu, binti wa Mwamini, akachungulia sufuriani, akamkumbatia Rozalia miguuni.

“Ametuletea maharage.”