Tulisafisha Gobori Kwanza

Dada yangu Oleta alifariki Jumamosi ya pili ya Septemba, mwaka wa themanini na sita, jikoni kwake, chungu cha maharage kikiwa bado motoni. Siku hiyo mimi, kaka yake, na mumewe, Verlin Stamper, tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha wa kilabu chetu kule bondeni, mwendo wa saa nzima kwa gari. Nasimulia haya kwa sababu mimi ndiye niliyemchelewesha.

Verlin alikuwa mkulima wa mahindi na soya, mtu mrefu, mzito wa maneno, lakini akishalala kifudifudi nyuma ya gobori lake ulimi wake ulifunguka. Huku kwetu Indiana watu wengi wana gobori la babu linaloning'inia ukutani. La Verlin lilikuwa la shabaha, la kupiga yadi elfu moja, umbali ambao ubao mrefu kuliko mtu unaonekana kama stempu kwenye bahasha. Na silaha ya namna hiyo haitaki pupa. Unamimina baruti uliyoipima nyumbani kwa mizani, unaipitisha kwenye bomba refu jembamba la shaba ili yote itue chini kabisa. Unafuatisha kipande cha kadi, kisha risasi ndefu iliyoviringishiwa karatasi, na kuishusha taratibu kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka ikae juu ya baruti. Ukiacha nafasi kati ya risasi na baruti, mtutu unaweza kupasuka. Ukishindilia kwa nguvu, risasi inakwenda itakako. Ukishalala na mtutu umeelekea kwenye ubao, ndipo unapovika fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. Na kila baada ya mlio, unapitisha kitambaa kibichi, halafu kikavu, kabla ya kuanza upya.

Zile karatasi alizikata Oleta. Alikuwa na kipimo cha bati, mkasi wake wa kushonea, na vidole visivyotetemeka. Mizunguko miwili kwa kila risasi, mkia wa karatasi ukasokotwa chini, basi. Verlin akijaribu mwenyewe zilitoka kama sigara zilizosokotwa na mlevi. Hayo ni maneno ya Oleta, si yangu.

Kazi yangu mimi ilikuwa darubini. Nilikaa nyuma ya bega lake nikisoma upepo kwenye vibendera na kwenye joto linalochezacheza juu ya nyasi, nikimwambia asogeze kilengeo kiasi gani. Siku ile upepo ulitufanya wajinga. Risasi ya saba ilikwenda nje kabisa ya duara jeusi.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "ningekuoa wewe badala ya dada yako ningekufa njaa. Hata kushoto na kulia hujui."

"Dada yangu naye angepumzika," nikamjibu.

Tukamaliza mashindano tukiwa wa tatu. Yapata saa tisa na robo, Bi Ardith, aliyekuwa akipika kwenye banda la kilabu, alikuja kwa miguu akipangusa mikono kwa aproni. Alisema Oleta amepiga simu. Mkono wake mmoja ni mzito na kifua kinambana kidogo, labda ni yale maharage aliyoonja. Anaomba Verlin asipitie kahawa njiani, aende moja kwa moja nyumbani.

Verlin akanitazama. Gobori lilikuwa mikononi mwake, bado la moto, mdomo wa mtutu mweusi tii. Baruti nyeusi ikishaungua huacha masizi yenye chumvi, na masizi hayo hunywa unyevu wa hewa. Bondeni kwetu, Septemba, hewa ni maji matupu. Ukililaza gobori na uchafu wake, asubuhi unakuta kutu.

"Lisafishe kwanza, shemeji," nikasema. "Oleta ana tumbo bovu tangu utotoni. Ni dakika arobaini tu."

Akasita kidogo, kisha akawasha jiko la gesi na kuinjika maji. Tukafungua kinundu kinachovikwa fataki, tukatumbukiza kitako cha mtutu ndani ya ndoo ya maji moto na sabuni, tukasukuma na kuvuta kitambaa kwa mdeki mpaka maji yaliyokuwa kama wino yakatoka meupe. Tukakausha, tukapaka mafuta. Kitambaa cha mwisho kilitoka na ukijivu kidogo. Nikamwambia arudie.

Tungeweza kumpigia simu. Banda lilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Sijui kwa nini hakuna aliyekwenda.

Tulimkuta sakafuni, kati ya meza na jiko, kiatu kimoja kimemvuka. Mkono wake ulikuwa bado una joto. Daktari alisema alikuwa amefariki yapata nusu saa kabla hatujafika. Alisema pia kwamba hata kama tungekuwepo, huenda tusingeweza kitu. Mimi nimeipiga hesabu mara nyingi: tungeondoka mara tu tulipopata ujumbe, tungemkuta yuko hai, na robo saa mkononi. Robo saa ya kufanya nini, sijui.

Siku ya mazishi majirani walileta nyama ya nguruwe ya kuoka, kuku na tambi, na mikate ya matunda ya kila aina. Verlin alimshukuru kila mmoja kwa jina. Mama yetu, aliyekuwa na miaka themanini na mmoja, alikaa kwenye kiti cha Oleta na kuuliza, kwa sauti iliyowafikia wote, tuliletewa ujumbe saa ngapi na tukaondoka saa ngapi.

Nilifungua mdomo. Verlin akanitangulia.

"Tuliondoka palepale, mama," akasema. "Hatukupoteza hata dakika."

Mama akamshika mkono, akaendelea kuushika mpaka watu wakaanza kutawanyika.

Oktoba Verlin alikuja uwanjani. Alipiga risasi tano, vizuri tu, kisha akaliingiza gobori kwenye mfuko wake bila hata kupitisha kitambaa. Nilimwambia anipe nimsafishie. Akasema, "Liache." Tukatazamana, nikaliacha.

Alilisimamisha kwenye pembe ya jikoni, karibu na misumari ya makoti. Kila nilipomtembelea nililiona. Mwanzoni ilikuwa kutu ya rangi ya chai chini ya nyundo inayogonga fataki. Kufikia Krismasi mdomo wa mtutu ulikuwa na mstari mwekundu pande zote. Sisi tuliongea habari za mvua na bei ya soya, tukanywa kahawa, nikaaga. Nilikuwa mwoga. Mke wangu Neva alinieleza hivyo wazi, na hakukosea.

Februari, asubuhi ya theluji, nilikwenda nikiwa nimeyapanga maneno garini. Yote yakanipotea isipokuwa moja.

"Verlin, mimi ndiye niliyesema usafishe kwanza."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

"Mbona ulimwambia mama vile?"

Alikuwa akimenya kiazi. Alikimaliza, akakiweka ndani ya maji.

"Kwa sababu amebakiwa na mtoto mmoja."

Nilimuuliza kama ananichukia. Akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. Alisema mikono iliyosukuma mdeki ilikuwa yake, hakuna aliyemshikilia. Kisha akasema, "Ila nikikuona, nasikia yale maji yanachemka." Akaniambia kama nalitaka gobori, nilichukue.

Nililichukua. Siku mbili nilipigana nalo kwa mafuta na nyuzi za chuma. Vitambaa vilitoka na rangi ya udongo, vikaendelea kutoka hivyo. Nilipomulika ndani ya mtutu niliona mashimo mashimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilipiga ubao yadi mia moja tu, na risasi iliingia kibavubavu, ikaacha tundu refu mithili ya la ufunguo. Nilirudi kumweleza. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama kwangu kuna kuni za kutosha.

Mei alikodisha shamba na kuhamia kwa dada yake, Missouri. Alipita kutuaga bila kuzima injini. Neva alimpa mkate wa tufaha dirishani. Mimi nilisimama upande wa pili wa gari nikisubiri ateremke, lakini hakuteremka. Aliniambia paa la banda langu linahitaji mabati mapya. Akaondoka.

Mama aliishi miaka mitatu mingine. Alimpenda sana Verlin. Aliwaambia wageni kwamba mkwe wake alikimbia kama kichaa kumwahi binti yake. Siku moja, tukiwa barazani tunachambua maharage mabichi, alinung'unika kwamba Verlin amemtupa, haji hata kumjulia hali.

"Kwani nilimkosea nini?" akaniuliza.

Nikamwambia Missouri ni mbali.