Rangi Iliyomfuata Injinia

"Mimi sikatai rangi yako ipite," mshona nguo alikuwa akisema, amesimama mlangoni kwake na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Nakataa ipite juu ya suti ya bwana harusi."

"Suti umeiweka sakafuni mwenyewe," mwenye nyumba ya juu alimjibu kutoka kwenye ngazi.

"Sakafu yangu! Ngazi ni za wote, jirani, lakini sakafu ina mwenyewe."

Katikati yao rangi nyeupe ilikuwa inashuka. Ilikuwa nyembamba kama utepe wa kushonea. Ilishuka ngazi moja moja, ikafika chini, ikakata kushoto. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya nne mfululizo. Wanawake wale wawili waliinua miguu, wakaipisha, wakashusha miguu, wakaendelea kugombana.

Ilikotoka kulijulikana. Mwenye nyumba alikuwa anakarabati vyumba vyake, na kazi ya kuziba nyufa kati ya fremu za milango na ukuta alimpa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mtaa mzima ulimwita Injinia kwa sababu alitembea na penseli sikioni. Penseli hiyo haikuwahi kuchongwa. Injinia alipaswa kutumia fila ya kawaida, ile inayokubali rangi. Yeye akatumia silikoni ya masinki, eti fremu lazima zihimili maji. Hakuna aliyemuuliza ni mlango gani unaooga. Aliziba milango tisa kwa siku moja, akalainisha kwa kidole chenye mate, akapiga picha, akaituma kwa ukoo. Ukoo ukamsifu.

Ndipo akaitwa fundi rangi, mama wa makamo waliyemwita Mama Msasa, kwa kuwa hakuwahi kupaka kitu kabla ya kukipiga msasa. Aligusa fremu ya kwanza, akanusa kidole.

"Dada, hii ni silikoni. Rangi haitashika. Ikwanguliwe yote, tuzibe upya."

"Shemeji yangu ameweka kitu cha nguvu," mwenye nyumba akasema. "Wewe paka."

Akapaka. Kwenye mbao na ukutani rangi ilitulia. Juu ya silikoni ilijikunja, kama mgeni aliyekalishwa kwenye kiti kibovu, na kesho yake asubuhi ikaondoka. Ilivuka uani, ikapita chini ya geti, ikaenda mpaka nyumba ya tatu anakoishi Injinia, ikampanda. Siku ya kwanza ilimfika magotini. Ya pili, kiunoni. Ya tatu, kidevuni. Haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Kwake ilishika bila hata msasa.

Injinia aliendelea na shughuli zake, na watu walimsalimia kama kawaida. Mkewe alitandika magazeti upande wake wa kitanda, basi.

Kila jioni Mama Msasa alipaka upya. Hakuwa mjinga, alikuwa anaisubiri Alhamisi. Siku hiyo mwalimu mkuu wa shule ya jirani angekuja kuiona kazi yake kabla ya kuamua nani apake madarasa kumi na sita. Kazi ya namna hiyo humtunza fundi mwaka mzima, na Mama Msasa hakuwa na nyingine mbele yake.

Alhamisi ndiyo hiyo ya ugomvi wa suti. Mwalimu mkuu alipofika, mshona nguo aliitupa suti mezani akawafuata juu, kwa kuwa suti inasubiri lakini habari haisubiri. Injinia naye alikuwa ameshapanda, kaitwa na shemeji yake.

Mwalimu mkuu alizitazama fremu. Kandokando, mstari mzima ulikuwa mtupu, uking'aa kama njia ya konokono.

"Mbona hapa hapajapakwa?"

"Pamepakwa mara nne, mwalimu," Mama Msasa akasema. "Ubaya uko chini." Akaingiza ukucha kwenye kona, akavuta, na silikoni ikatoka nzima kama mnyoo. "Mlango wa stoo nimeukwangua mwenyewe, nikauziba kwa fila. Njooni muuone."

Wakaenda. Mlango wa stoo ulikuwa mweupe kote. Rangi yake haikuwa na safari.

"Nimeona," mwalimu mkuu akasema, na kweli aliona. Kisha akamgeukia Injinia, akamkwangua mkono kwa ukucha. Hakikutoka hata kipande. "Na hii ina siku ngapi?"

"Leo ya nne. Naoga nayo."

"Haipauki?"

"Haipauki, mwalimu."

Mwenye nyumba akakohoa. "Shemeji yangu rangi inamtafuta yenyewe mpaka kwake. Huyu mama," akamwonyesha Mama Msasa kwa kidevu, "anaibembeleza kila siku, na kila siku inamkimbia."

Mwalimu mkuu alitafakari kwa uzito wa mtu aliyesoma. Akasema shule inahitaji fundi anayependwa na rangi. Madarasa kumi na sita akampa Injinia. Akamshukuru Mama Msasa kwa maelezo mazuri, akamwomba, kama haitamsumbua, amwandikie Injinia jina la ile fila. Injinia akatoa penseli sikioni akamwazima. Haikuandika.

"Jamani," mshona nguo akasema, "kumbe hata aibu kwenye silikoni haishiki."

Mwenye nyumba akamwambia asiingilie mambo ya ukoo, akatandika gazeti juu ya kiti cha Injinia na kuanza kupakua chakula.

Mama Msasa alifunga brashi zake kwenye kitambaa akashuka. Katikati ya ngazi alijibana ukutani. Rangi ya asubuhi, ilipomkosa Injinia kwake, ilikuwa inarudi juu kumtafuta.

Mshona nguo alikuwa ametangulia. Ndani kwake sauti zilikuwa nyingi, wateja, watoto wa dada yake na majirani wawili waliokuja kusikia yaliyotokea, na sahani zilikuwa zinagongana.

"Ipishe ipite, mama, imebaki sura ya Injinia tu," alimwita kutoka mlangoni, akisogeza viatu vya wageni kwa mguu. "Wewe ingia ule."